Mwale wa Pembeni

Nshambya, Bukoba
Jumamosi, mwisho wa Oktoba, alasiri

Mwanangu Kemilembe,

Naahidi kwamba leo nitakuambia yote, hata yale ambayo mama hutakiwa kuyameza. Umekwenda Kagondo kuwaaga watu na najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa hiyo meza yote ni yangu, na magoti yangu yamekwisha kukataa kazi yoyote isipokuwa kukaa. Kesho asubuhi utapanda basi la Dar es Salaam. Nitakupa barua hii stendi. Usiifungue mbele yangu. Ngoja mpite Muleba.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kufunga begi, wala za wanaume. Hayo bibi yako amekuhubiria wiki nzima, na mengine ameyarudia kwa Kihaya ili yaingie vizuri zaidi. Mimi nina jambo moja. Sijui kama unakwenda kusoma kitu unachokitaka.

Jumanne nilirudi mapema kwa sababu ya goti. Ulikuwa uani na Zaituni, mnamenya ndizi, na hamkunisikia nikiingia kwa mlango wa mbele.

"Injinia wa minara!" Zaituni alikuwa anakucheka. "Utatuletea mtandao mpaka chooni."

"Cheka tu."

"Sasa mbona una sura ya mtu anayepelekwa polisi?"

"Antena ni za mama, Zaituni. Mimi nilitaka mambo ya udongo."

"Si umwambie?"

"Nikimwambia atazeeka siku hiyo hiyo."

Nikakohoa kama mgeni. Ukasema, "Shikamoo mama, leo umewahi," nikakujibu, "Marahaba, nimechoka," na ule haukuwa uongo. Nimechoka tangu siku ile, uchovu ambao haumalizwi na usingizi. Lakini nimegundua kwamba mtu aliyechoka sana hana nguvu ya kujidanganya, na labda ndiyo maana nimeweza kukaa na kuandika.

Unajua kwamba niliacha shule kidato cha tatu kwa sababu yako, na kwamba baba yako alikwenda Mwanza akaanza maisha mengine. Hilo nilikuambia mapema ili usilisikie kwa jirani. Ambalo sikukuambia ni namna nilivyorudi. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, wewe ukiwa unatambaa chini ya meza hii, kisha nikapata chuo cha ufundi. Mwalimu wetu wa mawimbi alikuwa mpole na mkali kwa wakati mmoja. Alitufundisha kuandika kila hatua ya hesabu, hata ile ambayo mtoto angeiona, na alikuwa akisema: "Hesabu na mita zikigombana, usiamue ugomvi kabla hujasikiliza pande zote mbili." Nilikuwa mwanafunzi wa kiti cha mbele. Nilipiga mistari kwa rula. Nilidhani nimemwelewa.

Halafu nikaajiriwa, na kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ile ya kisiwani.

Nimekusimulia mara nyingi kama kichekesho, kwa sababu Idrisa hupenda kuisimulia hivyo akija hapa kunywa chai. Leo nitakusimulia bila kicheko. Kwenye kilima upande wa Muleba kulikuwa na mnara, na kwenye mnara sahani ya antena iliyokwisha kuelekezwa ziwani na mafundi walionitangulia. Sisi tulikwenda kisiwani kufunga sahani ya pili, ili hizo mbili zitazamane juu ya maji na wavuvi wapate simu. Mimi nilipanda mnara wa kisiwani na mkanda na spana. Idrisa, ambaye tulikuwa tumeajiriwa pamoja, alibaki chini na mita akinisomea namba.

Sahani haitoi nguvu yake kama taa ya chumbani inayomwaga mwanga kila upande. Huikusanya kwenye mwale mmoja mwembamba. Lakini hakuna sahani iliyo safi kabisa. Pembeni mwa mwale mkuu, nyuzi chache kushoto na kulia, huwa kuna miale midogo, dhaifu, ambayo hakuna aliyeiomba. Kati ya mwale mkuu na mwale wa pembeni kuna nafasi ambako hakuna kitu. Kimya kabisa.

Niliigeuza sahani pole pole. Idrisa akaanza kupiga kelele: "Inapanda! Inapanda Mama Kemi! Bado! Hapo! Umeipita, rudi, rudi kidogo. Hapo hapo!" Nikaisogeza kushoto, namba zikashuka. Kulia, zikashuka. Maana yake niko kileleni. Nikakaza nati zote kwa nguvu zangu zote, nikashuka. Watu wa kisiwani walituchomea sangara. Simu ziliita. Mzee mmoja alimpigia mwanawe aliyekuwa hatua chache kutoka pale alipokaa, ili tu amwambie, "Nakuona."

Sasa nisikilize hapa. Kabla ya kuondoka Muleba nilikuwa nimefanya hesabu, kila hatua, kwa rula. Hesabu ilisema nguvu fulani itatufikia. Mita ilisoma pungufu kwa zaidi ya desibeli ishirini, yaani tulipata chini ya sehemu moja ya mia ya nguvu niliyoitarajia. Nililiona pengo hilo. Sikulificha, nililieleza. Nilimwambia Idrisa ni unyevu wa ziwani. Nikamwambia waya ni mrefu. Nikamwambia na wale wa upande wa pili huenda hawakukaza vizuri. Kila sababu niliyoitoa ilikuwa ya kitaalamu, na kila moja ingeweza kuwa kweli. Niliitwa fundi wa kike wa kwanza kupanda mnara ule, sangara alikuwa anaiva, na namba zilikuwa zimepanda mbele ya macho yangu. Nani angetaka kulegeza nati?

Baada ya majuma machache tukaitwa. Mtandao ulikuwa unakatika kila jioni. Hewa ya ziwani ikitulia na joto lake kubadilika, wimbi hupinda kidogo njiani, na lile linalodunda kwenye maji hufika limechelewa na kugombana na lile lililokuja moja kwa moja. Kiungo chenye nguvu ya kutosha hutikisika kikasimama. Changu hakikuwa na akiba. Na jioni ndiyo saa ambayo wavuvi wa dagaa huwasha taa zao na kuingia majini, saa ambayo mke anataka kumsikia mumewe.

Tuliposhuka kwenye boti, mwanamke mmoja mwuza dagaa, mtu wa Ukerewe aliyehamia pale, alitupokea na beseni kiunoni.

"Karibuni wenye mnara. Mtandao wenu mtoto wa kuku?"

"Kwa nini, dada?" Idrisa akamwuliza.

"Jua likizama unaingia bandani."

Watu walicheka mpaka nami nikacheka, lakini nilipopanda uso ulikuwa unaniwaka. Nikalegeza nati. Nikaanza kuigeuza sahani kulia, mbali na kilele changu. Namba zikashuka. Zikashuka tena. Halafu kukawa hakuna kitu.

"Mama Kemi!" Idrisa akapiga kelele kutoka chini. "Umeua kisiwa!"

"Nisomee."

"Nikusomee nini? Sifuri naisomaje?"

"Nisomee hiyo hiyo sifuri."

Niliendelea kugeuza, unywele mmoja mmoja, ndani ya kile kimya. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kukuzaa. Mtu akiwa na kidogo chenye uhakika mkononi, kukiacha ili atafute kikubwa ambacho hesabu tu ndiyo inasema kipo ni kazi ngumu kuliko kupanda mnara. Halafu Idrisa akanyamaza. Aliponyamaza ndipo nilipojua. Alikuja kusema kwa sauti ndogo sana, "Waitu," neno la heshima la Kihaya ambalo yeye, Mswahili wa mjini Bukoba, hulitumia kwa dhihaka tu. Safari hii hakuwa anadhihaki. Namba zilikuwa zimepanda hadi pale hesabu yangu iliposema. Kumbe majuma yale yote nilikuwa nimekazia nati kwenye mwale wa pembeni.

Sasa nakuja kwako.

Ulipokuwa darasa la sita nilileta nyumbani antena iliyokufa, ile ndefu nyeupe kama mlango mwembamba, ambayo huning'inizwa juu ya minara kuwahudumia watu wa mjini. Tuliifungua kwenye mkeka uani. Ndani hakuna sahani. Kuna safu ya vibamba vidogo vya bati, kimoja juu ya kingine, kila kimoja dhaifu peke yake. Nilikueleza kwamba vikisema kwa pamoja sauti zao hujumlishwa upande mmoja na kufutana upande mwingine, na kwamba ukivichelewesha baadhi yake kidogo tu, mwale mzima hugeuka bila mtu kugusa kitu. Niliongea sana siku ile. Huo ndio uzuri ulioniingia damuni chuoni. Nilitaka kutengeneza rada ya namna hiyo, safu kubwa iliyosimama kimya kilimani, ikitazama mvua na dhoruba zinavyojikusanya ziwani, igeuze jicho lake bila kugeuza shingo. Niliomba kuendelea na shahada. Hesabu yangu ya kidato cha tano na sita haikuwepo, kwa hiyo hawakunichukua, nami nikarudi kupanda minara.

Wewe ulivitazama vile vibamba kwa muda mrefu. Kisha ukauliza: "Mama, kwa nini vimeachana sawasawa hivi? Vikikaribiana sana vinanyang'anyana?"

Mwanangu, nilikaribia kulia. Hilo ni swali la mhandisi. Wanafunzi wenzangu chuoni walichukua muhula mzima kulifikia. Antena zikikaribiana mno, kila moja huingilia ya jirani, na zikiachana mno, miale isiyotakiwa huota pembeni. Nilikumbatia kichwa chako. Nilimpigia Idrisa simu pale pale: "Nimezaa mhandisi!"

Na wewe ukaendelea kuongea. Nimejitahidi siku hizi nne kukumbuka ulisema nini baada ya hapo, kwa sababu mimi nilikuwa kwenye simu. Jana nilikwenda Ijuganyondo kumwuliza bibi yako. Yeye alikuwepo siku ile, ameketi mlangoni anachambua maharage, na yeye anakumbuka kila kitu isipokuwa alipoweka miwani.

"Alisema ni kama kibanja," bibi yako akaniambia. "Alisema migomba nayo ikibanana inanyang'anyana. Akaniuliza ni umbali gani mzuri. Nikamwambia inategemea udongo. Akaniuliza udongo unajuaje."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa kwenye simu, unapiga kelele."

Halafu akanichukua nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chake cha migomba, akanionyesha ule upande wa chini ambao mimi hupita bila kutazama. Nilikuwa najua unakwenda kwa bibi kila likizo. Nilidhani unakwenda kumsaidia. Sikujua kwamba ule upande ni wako. Kwamba uliung'oa mgomba mmoja katikati ya kila mitatu na bibi yako akakununia mwezi mzima. Kwamba ulichimba mashimo madogo na kuyajaza nyasi na samadi, kila shimo kwa kiasi tofauti, na kuweka vijiti vya alama. Nilisimama pale na viatu vyangu vya kazi. Migomba yako imenenepa, mwanangu. Hata mimi nisiyejua niliona.

"Huyu mtoto," bibi yako akasema, "akishika udongo hunisahau kabisa. Namwita chakula mara tatu."

Nikamwuliza akishika vitabu vya fizikia je. Akafikiri.

"Hapo ukimwita mara moja tu anakuja."

Nimelala nalo hilo. Nilipata kilele kidogo uani pale, siku ile ya antena, nikakaza nati. Kila namba niliyoisoma baada ya hapo niliisoma nikiwa nimekwisha kaza. Ulipata alama nzuri za fizikia, nikasema unaona. Ulipata alama nzuri zaidi za jiografia, nikasema mwalimu wake ni mzuri. Tahasusi nilikuchagulia mimi. Na mwaka huu tulipokaa kwenye duka la kompyuta pale mjini kujaza maombi ya vyuo, nilikuuliza, "Ya kwanza tuweke mawasiliano, eeh?" huku kidole changu kimekwisha kubonyeza. Ulisema, "Weka tu, mama." Ya pili nikaweka ile kozi ya kilimo, ya udongo na maji, kwa sababu nafasi haikutakiwa kubaki wazi. Uligeuka ukatazama nje, barabarani. Kijana wa dukani akakupongeza, ukamwambia asante. Nikadhani ule ukimya ni furaha inayokuzidi.

Huu ni uchovu niliojiletea mwenyewe, sikulaumu kwa kunyamaza. Nani alikufundisha kuniambia ukweli? Kila nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka, na mtoto mwenye akili hujifunza mapema kutomwongezea mzigo mama aliyechoka. Ulikuwa unanipenda kwa njia hiyo. Mimi nilikuwa nakupenda kwa njia ya kukusukuma mahali nilipozuiwa mlangoni. Tulikuwa karibu mno, wewe na mimi, katika vyumba viwili, meza moja, taa moja. Sikuweza kujua sauti ipi ni yako na ipi ni yangu inayorudi.

Pengine nimekosea tena. Pengine nimesikia maneno manne uani nikayafanya kilele kingine, na kumbe yalikuwa hofu tu ya kuondoka nyumbani. Hata mimi nilipokwenda chuoni nilitaka ghafla kuwa mshonaji. Ndiyo maana sibadilishi kitu chochote mimi mwenyewe. Jana mchana nilikuwa na namba ya simu ya chuo mkononi na kidole tayari. Nikaiweka chini.

Lakini nimeuliza, kwa mtu anayejua mambo hayo. Kuhama kozi kunawezekana, hata kuhama chuo, ila ni katika majuma ya mwanzo tu, kama nafasi ipo. Baada ya hapo mlango hufungwa kwa mwaka mzima. Masomo yako yanaikubali ile kozi ya udongo na maji. Ukibaki kwenye mawasiliano kwa sababu unayataka, nitafurahi mpaka majirani wanione mwehu. Ukienda kwenye udongo, sitazeeka siku hiyo. Nimekwisha zeeka, kwa sababu nyingine kabisa, ngazi zikiwa ya kwanza.

Na kuhusu ile rada. Nataka uijue habari hii kutoka kwangu kabla Idrisa hajaigeuza kichekesho. Mwezi uliopita nilijiandikisha kwenye masomo ya jioni, hapa hapa mjini, ili nifanye mtihani wa kidato cha sita, hesabu na fizikia. Siku ya kwanza nilipoingia darasani watoto wote walisimama: "Shikamoo madamu!" Nikawaambia marahaba, kaeni, nikaenda kukaa kati yao. Kisha msichana mmoja wa rika lako, mwenye kalamu nne za rangi, akanisogezea kitabu chake na kuninong'oneza, "Mama, ukurasa wa kumi na mbili." Sijafurahi hivyo muda mrefu. Nimenunua rula mpya. Huenda nisifaulu, akili yangu jioni ni kama betri ya simu ya zamani. Lakini ile rada ni ya kwangu, Kemilembe. Nimeichukua kutoka kwenye begi lako. Safiri ukiwa mwepesi.

Jua limeanza kulala na nasikia majirani wanawaita kuku. Utaingia hapa sasa hivi, utaniuliza naandika nini, nitakuambia hesabu za kazini, na utaniamini kwa sababu ndivyo tulivyozoeana. Kesho stendi nitakuwa mama wa kawaida, nitakusumbua na chupa ya maji. Nisamehe kwa hilo pia.

Ukifika, usinipigie kunijibu. Kwenye simu utasikiliza pumzi yangu na kujibu inavyotaka. Andika kwa mkono, hata mstari mmoja, umpe kondakta wa basi hilo hilo likigeuza. Ninamfahamu, nitakwenda kulingoja stendi. Kama hujui bado, andika kwamba hujui. Nami nitakisoma hicho bila kukisukuma popote.

Miaka yote hii nimekuuliza mambo mengi huku jibu likiwa tayari mdomoni mwangu. Hili silijui jibu lake.

Mwanangu, wewe unataka kusoma nini?

Mama yako